Mkono Nilioshindwa Kuuachia

Nyumba ya Juu, karibu na kisima,
Bescaune, Béarn,
Ufaransa.

4 Novemba 2009

Mpendwa wifi yangu Noélie,

Nakusalimu kutoka kwenye meza ileile ya jikoni uliyokuwa ukimenyea maharage na mama mkwe. Hujambo, wifi? Magoti ya mumeo Ramón yanaendeleaje? Na wajukuu? Uliniambia kwenye simu kwamba huko Argentina joto limeanza na watoto hawaingii ndani mpaka waitwe kwa ukali. Nilifurahi kusikia, maana hapa kwetu theluji imeshashuka hadi kwenye malisho ya juu, na kondoo wote wamerudishwa bondeni. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, napanda ngazi. Moyo usiuulizie sasa, tutaufikia.

Najua utasema, huyu Maïté ana nini, simu ipo yeye anaandika barua. Wifi, simu nimeiinua mara nne. Nikisikia sauti yako naanza habari za kuku na za paa linalovuja, kisha naaga. Mdomo wangu huu unaoujua, uliogombana na nusu ya kijiji, safari hii umenigomea. Nimeona afadhali karatasi. Ukitaka kunitukana utanitukana nikiwa mbali, na utakuwa na haki.

Corinne alikupigia akakwambia kwamba baba yake alipata kiharusi mlimani, kwamba helikopta ilichelewa kwa makosa ya waokoaji, na kwamba sasa hasemi na upande wa kulia umekufa. Hivyo ndivyo binti yangu anavyojua, na ndivyo kijiji kizima kinavyojua. Lakini hayo ya makosa ya waokoaji ni uongo, na uongo wenyewe ni wangu. Anselme ni kaka yako wa pekee. Kabla sijamwambia mtu mwingine nimeona wewe ndiye unayestahili kuujua ukweli.

Niwie radhi nikianzia asubuhi.

Tarehe kumi na mbili Septemba tulitimiza miaka arobaini ya ndoa. Wewe ndiye uliyenisuka nywele siku ile, huwezi kusahau. Miaka arobaini, na kaka yako hakuwahi hata siku moja kunipeleka mlimani kutembea tu. Miaka thelathini alikuwa akiteremsha watoto wa watu kutoka huko juu, waliovunjika miguu, waliopotea, na waliokufa. Mimi nikimwambia twende siku moja tukalione ziwa, ananijibu, "Wee Maïté, umemwona wapi mtu anakwenda kustarehe kazini kwake?" Hata alipostaafu jibu lilikuwa hilohilo. Nikaendelea kumsumbua. Bandu bandu huisha gogo. Ningenyamaza, kiharusi kingemkuta hapa sebuleni, dakika chache tu kutoka barabarani.

Basi asubuhi ile akaingia jikoni na kofia mbili za kitalii, zile zenye picha ya mlima na manyoya bandia, za kutia aibu kabisa. Akanivika moja. "Haya bibi arusi," akasema, "leo tunapanda kitalii. Ukimwona mtu unayemfahamu, jifanye umetoka Paris." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yaani mzee wa miaka sitini na saba, mkali kama unavyomjua, na yale manyoya kichwani.

Tulipanda kile kigari kinachoning'inia kwenye waya. Kilijaa wageni. Kaka yako akaketi dirishani, akaanza vituko. Ananiuliza kwa sauti, "Samahani mama, ule mlima wenye meno mawili unaitwaje?" Mlima alioupanda mara mia! Nikamwambia, "Unaitwa Nyamaza." Watu wakaangua kicheko. Akaendelea, "Na je, una dada yake?" Nikamwambia, "Unaye, anaitwa Utashuka kwa miguu." Mwanamke mmoja akatuuliza kama ndio tunaanza kufahamiana. Wifi, sikumbuki mara ya mwisho kuwa na furaha kama ile. Ndiyo maana nakuandikia hata haya ya kipuuzi, kwa sababu sina mengine mazuri ya kukuandikia tena.

Kutoka kituo cha juu hadi ziwani ni mwendo wa saa moja na nusu. Tulikwenda taratibu. Alinionyesha paa wa milimani wakiruka kwenye mawe, mama na watoto wawili, na tai wakizunguka. Akanionyesha pia mahali, hapa nilimtoa fulani, pale fulani tulichelewa. Nikamwambia asiniharibie siku na maiti zake. Akanichumia ua, akaliweka kwenye yale manyoya ya kofia.

Sasa kuna jambo lazima nikueleze, kwa kuwa wewe ulihama kabla halijawa desturi hapa. Helikopta ya waokoaji ikiwa juu, haikusikii. Inakuona tu. Kwa hiyo watu wa milimani wana ishara zao. Ukiinua mikono yote miwili juu, umesema ndiyo, tuna shida, teremkeni. Ukiinua mkono mmoja na mwingine ukiwa chini, umesema hapana, hatuhitaji kitu, endeleeni. Ni hivyo tu. Hapa kwetu mtoto anajua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, na aliyewafundisha watoto wote ni kaka yako. Kila mwezi wa Juni alikwenda shuleni, anawapanga uwanjani, yeye mwenyewe anakuwa helikopta, ametanua mabawa, ananguruma kwa mdomo, anazunguka, na watoto wanamjibu kwa mikono. Anayekosea anaambiwa, "Wewe nimekuacha, utalala na mbweha." Mimi nimemwona akifanya hivyo tangu Corinne akiwa darasa la kwanza. Ishara ile naijua kama ninavyojua ishara ya msalaba.

Tulipofika ziwani, helikopta ikapita. Walikuwa kwenye mazoezi. Mgeni mmoja mwenye kaptula akaanza kuipungia mkono, mmoja, kwa furaha zote. Anselme akatikisa kichwa. "Mtazame yule. Akivunjika mguu leo na akapunga hivyo, ataachwa hapo mpaka Krismasi." Nikamwambia amwache mtu wa watu. Akasema, "Afadhali mke wangu. Wewe hata usingizini ungepunga miwili."

Helikopta ikashuka kidogo, na mlangoni nikamwona Damien ameketi miguu nje. Damien humjui. Ni mtoto wa seremala wa kule kanisani, sasa ni mwanamume wa miaka thelathini na miwili. Aliyemtia kwenye kazi ya uokoaji ni Anselme, na katika nyumba hii amekula kuliko hata Corinne. Alipotutambua na zile kofia akajishika tumbo kwa kucheka. Kaka yako akasimama wima kama mwanajeshi, mkono mmoja juu, mmoja chini, sawasawa kama kwenye mchoro: hapana, hatuhitaji kitu. Damien akampigia saluti, wakaondoka. Kumbuka hilo, wifi. Mimi nalikumbuka kila siku.

Chakula tulikula kwa Gaston, kwenye ile nyumba ya wapanda milima iliyo juu ya ziwa. Gaston alitupa meza ya dirishani. Supu ya kabichi na maharage yenye nyama ya bata, nzito hata kijiko kinasimama, halafu jibini ya kondoo na jamu ya cheri nyeusi. Kaka yako alikula kama kijana. Supu ilipobaki kidogo chini ya bakuli akachukua chupa ya divai aimimine humo anywe, kama alivyofanya babu yenu, na baba yenu, na kila mwanamume wa nyumba yenu.

Akaimimina mezani. Pembeni kabisa ya bakuli. Divai ikatiririka hadi kwenye sketi yangu, naye akiendelea kumimina, analitazama bakuli, hajui kwamba amelikosa. Mimi nikacheka. Nikasema, "Jamani, huyu amelewa kabla ya kunywa." Gaston naye akacheka, akasema arobaini ya ndoa si mchezo, inamtia mtu wazimu. Anselme akatutazama kama mtu anayechelewa kuuelewa utani, kisha akatabasamu kwa upande mmoja. Jibini hakuimaliza. Nikaila mimi.

Nimekaa na yule mtu miaka arobaini. Hata ujanani, alipolewa, hakuwahi kumwaga tone. Ningekuwa na akili ningemketisha palepale, Gaston angeita kwa redio yake, na saa ileile angekuwa hospitalini. Mimi nilikuwa nafuta sketi.

Tukaanza kuteremka mnamo saa nane. Na sasa nafika mahali ambapo kalamu inanigomea.

Unawajua wanaume wa bonde letu. Watakubebea gunia, watakupasulia kuni, wataamka alfajiri wakukamulie kondoo ukiwa mgonjwa. Lakini kukushika mkono mbele za watu, thubutu! Siku ya harusi yetu, uliona mwenyewe, kaka yako alitoka kanisani hatua tatu mbele yangu kama anayewahi basi. Miaka arobaini nimetazama mgongo wake. Basi siku ile, tulipopita ziwa tu, akapunguza mwendo mpaka nikamfikia. Kisha akanishika mkono. Kwa mkono wake wa kushoto, akaukamata wangu wa kulia, akaufumbata.

Wifi, nilidhani ni mapenzi.

Nilidhani divai imemlainisha, au arobaini imemgusa. Walipita watu, wala hakuuachia. Sikusema neno nisije nikamtibua. Nilitembea kando yake moyo ukinidunda kama msichana, nimesahau magoti, nimesahau sketi, nasema kimoyomoyo, Maïté, umengoja lakini umepata. Tulikwenda hivyo kama dakika kumi. Kumbe mwenzangu upande wa kulia ulikuwa unamtoka, ardhi inamkimbia, na alinishika kama mtu anavyoshika ukuta. Dakika kumi nilizofurahi kuliko zote maishani mwangu, ndizo alizokuwa anaangamia.

Tulipofika kwenye yale mawe makubwa chini ya ziwa akaketi ghafla, mgongo ukiwa umeegemea jiwe, uso kuelekea bondeni. Nikamtazama. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nikamwita, akataka kunijibu, maneno yakatoka yamevunjikavunjika. Kofia ilikuwa imemshukia jichoni, na hakuweza hata kuisogeza. Nikaitoa.

Bahati alipita binti mmoja mpandaji, mtu wa Toulouse, yuko peke yake. Nikamwambia kimbia kwa Gaston, mwambie aite helikopta. Akaenda kama mshale. Jina la Anselme sikumtajia. Ndiyo kosa langu la kwanza. Kwa hiyo Gaston aliposikia kwamba kuna mzee ameanguka kwenye mawe chini ya ziwa, hakumfikiria Anselme. Nani angemfikiria? Jumamosi ile mlima ulikuwa umejaa wazee.

Nilibaki naye. Nilimwambia Damien anakuja, tulia baba. Akaukaza mkono wangu mpaka pete ikaniuma. Akasema kitu mara mbili, mara ya tatu nikakielewa. Alisema, "Usiniachie, Maïté."

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuniomba kitu. Hata chumvi mezani anainuka kuifuata mwenyewe. Nikamwambia sikuachii.

Helikopta ikaja. Ilikuja haraka, wala mtu asikudanganye. Nikasimama ili wanione. Nilisimama nimejipinda kidogo, maana yeye alikuwa ameketi, na mkono wangu wa kulia ulikuwa chini kwenye mkono wake. Ikashuka, ikasimama juu yetu, upepo wake ukachukua zile kofia zikaenda zake. Nikaujaribu mkono wangu. Nikauvuta. Akaukamata zaidi, akanitazama, na yale macho, wifi, yalikuwa macho ya mtoto anayeachwa sokoni.

Nikainua wa kushoto. Peke yake.

Nilimwona Damien mlangoni. Alinitazama, akamtazama Anselme ameegemea jiwe lake kama mtu anayepunga upepo baada ya chakula. Akatupigia saluti. Helikopta ikainama upande, ikavuka mgongo wa mlima, ikaenda kumtafuta mzee aliyeanguka.

Dakika hamsini. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na bado sikumwachia mkono, kwa sababu sasa ningemwachia ili iweje? Gaston alipofika anatweta pamoja na yule binti, akaona ni nani, akalia palepale, "Mungu wangu, si Anselme huyu!" Helikopta iliporudi, aliyeinua mikono miwili ni yeye. Damien akaruka chini kabla haijatulia. Sitaki kukueleza uso wake.

Hospitalini daktari alinieleza mambo ya damu kwenye ubongo. Akasema, "Kama mngefika saa moja mapema, mama," kisha akapekua karatasi zake. Alikuwa mwema, hakumalizia.

Wiki ile mkuu wa kikosi cha waokoaji alikuja hapa nyumbani, kofia mkononi, kuniuliza ilikuwaje. Damien alikuwa ameshaandika maelezo yake. Aliandika kwamba ni kosa lake yeye, kwamba alituona, akadhani tunarudia utani wa asubuhi, hakushuka kuhakikisha. Mkuu akaniuliza, "Mama, ishara uliitoa ipi?" Nikamwambia nilichanganyikiwa. Sikumbuki. Nilipunga tu. Akanishika bega, akasema ni kawaida, mtu yeyote angechanganyikiwa. Corinne akanikumbatia.

Sikuchanganyikiwa, Noélie. Hapo ndipo penye uongo. Nilijua. Mkono ulipokuwa unapanda nilikuwa najua unasema nini. Niliiona ile sura ya watoto uwanjani, nikamsikia yeye akinguruma kwa mdomo, nikasema ndani yangu, Maïté, hii ni hapana. Nikaiacha iwe hapana. Ilihitaji kiasi gani? Sekunde tatu. Ningemwachia sekunde tatu, nikainua yote miwili, nikamshika tena. Lakini aliniambia nisimwachie, na nilikuwa nimengoja mkono ule miaka arobaini. Nikaona afadhali waondoke kuliko niuachie. Si kwamba niliwaza hivyo kwa maneno. Mwili wangu uliamua, nami nikaukubalia.

Damien alinijia wiki ya pili. Alisimama pale mlangoni, hakutaka kuingia. Nikamwambia ingia, Damien, kahawa ipo. Akasema, "Mama, nataka ujue kitu kimoja. Angekuwa mgeni ningeshuka. Wageni hatuwaamini, wanapunga hovyo, lazima tushuke tuhakikishe. Lakini nilipokuona wewe nikamwambia rubani, huyu ni Maïté, mke wa mwalimu, huyu akisema hapana ni hapana." Kisha akalia, jitu zima, limesimama na vidole kwenye kitasa. Na mimi, wifi, mimi nikampa leso. Leso! Neno moja tu lingemtua mzigo wote ule, nikampa leso.

Ameacha kazi. Anachonga madirisha na baba yake. Kwenye duka la mikate wanawake wanasema alimwacha mwalimu wake mlimani, na mimi nikiingia wananipisha foleni. Kila Jumapili anakwenda hospitalini kumnyoa Anselme ndevu. Anampaka povu, anamnyoa, anamfuta, anambusu kwenye paji la uso, anaondoka. Mara ya mwisho nilikuwa nimekaa kitini nikimtazama, nikasema moyoni, Mungu nichukue leo. Hakunichukua. Majuto ni mjukuu, watu husema, mwisho huja kinyume. Wangu amekuja kukaa kabisa na mizigo yake.

Kesho nitakwenda kwa mkuu wa kikosi nimwambie. Nikitoka huko nitamwambia Damien, na kisha Corinne, na huyo ndiye ninayemwogopa zaidi. Najua haitamfanya Anselme aseme. Lakini yule kijana hawezi kuzeeka akibeba mkono wangu.

Sasa nikueleze hali ya kaka yako kwa kweli. Anakula akilishwa. Ananijua, nadhani. Wauguzi walijaribu kumfundisha kupepesa macho, mara moja ndiyo, mara mbili hapana, ikashindikana. Kitu anachokifanya mwenyewe ni kuinua mkono wa kushoto. Unamuuliza, unataka maji? Anauinua. Unasikia baridi? Anauinua. Tuzime taa? Anauinua. Corinne anafurahi, anasema baba anajibu, baba anasema ndiyo. Mimi siwezi kufurahi. Mkono mmoja juu na mmoja chini, wifi. Mtu aliyewafundisha watoto wa bonde zima. Kila nikimuuliza kitu ananiambia hapana, endeleeni.

Jumapili iliyopita, Damien alipokwisha kuondoka, nilifunga mlango. Nilimweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, na sikuacha kitu. Alikuwa amenyolewa safi, ananukia sabuni, ananitazama. Nikamwambia, baba Corinne, nilijua, na bado niliinua mmoja. Je, umenisamehe?

Akainua mkono wa kushoto. Uleule niliokuwa nimeushika.

Nilingoja. Nilingoja sana, nikidhani labda, nikidhani Mungu angeweza. Mwingine ulilala juu ya shuka. Basi nikainuka, nikazunguka kitanda, nikauchukua ule wa kulia, mzito, wa baridi, nikaupandisha mimi mwenyewe mpaka ukalingana na mwenzake. Tukakaa hivyo, mikono yake yote miwili juu, nami nikiwa nimeushikilia mmoja. Kisha nikauachia, ukaanguka kitandani.

Njoo, Noélie. Usingoje Krismasi. Yeye hakuwahi kukuficha kitu tangu mkiwa watoto, labda macho yake yatakwambia lile ambalo mimi siwezi kulisoma. Chumba chako cha juu kimefagiliwa, na blanketi la mama mkwe nimelianika. Kama hutaki kulala katika nyumba yangu baada ya haya, Gaston yuko kijijini majira haya ya baridi na atakupokea.

Nisalimie Ramón, mwambie apake mafuta magoti asifanye ushujaa, na akisikia ganzi upande mmoja, hata kidogo, asicheke, wala wewe usicheke. Nisalimie mwanao Pilar na mumewe na wale wajukuu watundu. Mungu awalinde nyote, awafikishe mnakokwenda, na akikujalia safari akulete salama.

Mimi wifi yako akupendaye, kama bado unakubali kupendwa nami,

Maïté